Mgonjwa wa Kitandani na Wanaokuja Kumhudumia
(Mazungumzo ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi)

 

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho atazisoma Mweka Hazina, na historia ya kikundi Katibu ameiandika vizuri katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, kwa hiyo sisi hatutairudia. Kamati imetuachia nafasi tuzungumze jambo moja tu, nalo kwa siku ya pilau ni zito kidogo. Tunaomba mtuvumilie.

Jambo lenyewe ni wagonjwa wetu wa kitandani. Tunasema wale ambao hospitali imekwisha kuwaambia kwamba ugonjwa huu hautapona, warudi nyumbani. Katika miaka hii kumi tumewauguza wanachama wenzetu watatu wa namna hiyo, wawili kwa saratani ya shingo ya kizazi na mmoja kwa saratani ya titi, mbali na wazazi na waume wa wanachama ambao idadi yao hatukuiandika. Sisi wanawake ndio tunaojua maana ya kuuguza. Kugeuza mgonjwa, kumwogesha, kufua mashuka mara tatu kwa siku na maji ya kununua kwa ndoo, kukaa macho hadi adhana ya alfajiri, na asubuhi biashara inakungoja.

Sasa tutazame katiba yetu inasema nini. Mwanachama akifiwa na mume, mtoto au mzazi, au akifa mwenyewe, mfuko wa jamii unatoa 300,000/=, maturubai mawili na sufuria zetu kubwa. Mwanachama akiugua na kulazwa, mfuko unatoa 30,000/= baada ya kuonyesha karatasi ya hospitali. Basi. Neno lenyewe ni “kulazwa”. Mwenzetu aliyelala kwenye godoro lake hapa hapa mtaani miezi mitano, katiba haimjui, kwa kuwa hana karatasi ya wodi. Siku akikata roho ndipo katiba inapomfahamu. Kifungu hiki tulikipokea kutoka kwa kikundi kilichotufundisha, nao walikipokea kwa wenzao, na kila kikundi tulichokiuliza hapa jirani kina maneno hayo hayo.

Tunapendekeza kifungu kibadilike. Lakini kabla ya kufungua sanduku na kutoa pesa za mgonjwa wa nyumbani, hatuna budi kujua tunamlipa nani na anatupa nini, maana siku hizi wanaojitangaza kuhudumia wagonjwa majumbani ni wengi, na mabango yao ni mazuri.

Huduma hii wataalamu wanaiita tiba shufaa, wengine wanasema hospisi. Wengi wetu tuliposikia neno hospisi tulidhani ni nyumba ya kupeleka watu wakafie. Huko Uingereza ni kweli ilianza na nyumba yenye vitanda. Mwaka 1967 mama mmoja, Cicely Saunders, ambaye kwanza alikuwa muuguzi na baadaye akasomea udaktari, alifungua St Christopher’s kule London, na hapo ndipo hospisi za siku hizi zilipoanzia. Lakini huku kwetu mambo yalishika njia nyingine. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Daktari aliyefanya kazi pale mwanzoni, Anne Merriman, akaenda Kampala mwaka 1993 kuanzisha Hospice Africa Uganda, akiwa na fedha za kuendesha kazi miezi mitatu tu na gari moja kuukuu la Land Rover. Hakujenga wodi. Aliwafuata wagonjwa majumbani. Hapa Tanzania, Hospitali ya Selian ya KKKT kule Arusha ilianza huduma hii mwaka 1999, na Dar es Salaam wote tunaijua Ocean Road, hospitali iliyoanza enzi za Wajerumani mwaka 1895 na ikafanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziingize tiba shufaa katika huduma zao za afya za kawaida, yaani isiwe jambo la hisani ya watu wachache.

Kwa hiyo mtu akituuliza hospisi fulani ina vitanda vingapi, tunamjibu kwamba hilo ni swali la hoteli.

Jamani, tuwaambie tuliyoyaona. Mwaka 2018 aliugua mwenzetu aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale kituoni. Ilikuwa kansa ya shingo ya kizazi, nayo iligunduliwa imekwisha kuchelewa. Alipata mionzi, akapata nafuu ya muda, kisha ikarudi. Watoto wake walioko mikoani, kwa kumpenda mama yao, wakachanga na kukodi watu wa kituo kimoja cha binafsi. Jina tunaliacha. Gari lao lilikuwa na maandishi ya kijani, sare zimepigwa pasi, na walidai malipo ya mwezi mzima kabla ya kumtazama mgonjwa. Risiti walisema italetwa. Haikuletwa mpaka leo.

Kazi yao ilikuwa hivi. Walikuja mchana, mara mbili au tatu kwa wiki. Walimchoma sindano ya maumivu, wakamtundikia dripu, wakaandika bei ya sindano na bei ya dripu, wakaondoka. Sindano ile ilimtuliza saa chache. Jioni ikiisha nguvu, maumivu yanarudi yote, na watu wenyewe watakuja keshokutwa. Usiku mama wa watu alikuwa anang’ata kanga. Sisi tulikaa naye kwa zamu, wawili wawili, na simu ya kituo kile ilipopigwa saa nane za usiku ilikuwa haipatikani. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu, na wale vijana walisimama karibu na mlango. Mgonjwa alipowauliza kama atapona walimwambia, “Mama usijali, utapona tu.” Akawa anapanga kurudi kituoni na karai lake baada ya mfungo. Alikufa kabla ya mfungo, na hakuna aliyekuwa amemsaidia kusema neno lolote kuhusu wanawe wadogo wawili.

Mwaka 2022 akaugua mwenzetu mwingine, fundi wetu wa cherehani, aliyeshona sare hizi mnazoziona. Ilikuwa saratani ya titi iliyokwisha pasuka. Safari hii hospitali aliyotibiwa ilikuwa na timu yake ya kutembelea wagonjwa. Muuguzi wa timu hiyo alishuka kwenye daladala, akapanda bajaji, akaingia na mkoba begani. Gari hakuwa nalo. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, na swali la kwanza hakumwuliza binti wala sisi tuliojaa mlangoni. Alimwuliza mgonjwa: “Dada, kitu gani kinakusumbua kuliko vyote?”

Mwenzetu hakutaja maumivu, alitaja harufu. Alisema wajukuu hawamkaribii.

Basi muuguzi akafundisha. Maji yaliyochemshwa, yakitiwa chumvi na kupozwa, ndiyo ya kusafishia kidonda. Vidonge vya metronidazo, vile vile tunavyovijua kwa kuhara, vinasagwa na unga wake unanyunyizwa juu ya kidonda, kisha kinafunikwa kwa kitambaa safi. Siku chache tu harufu ilipungua kiasi kwamba majirani walianza kuingia tena hadi chumbani. Vidonge hivyo si ghali kitu. Ila lazima mtu ajue na akubali kukaribia, na wale wa mwaka 2018 hawakukaribia.

Kuhusu maumivu, alimpa mofini ya maji, ya kunywa. Hapo pakazuka kelele. Shangazi wa mgonjwa alisema hiyo ni dawa ya mateja. Mwingine akasema ikishaanza kutolewa hiyo, ujue wameshamkatia tamaa, na kwamba kuwaita watu wa hospisi ni kumchuria mgonjwa. Maneno haya tunayasikia hata leo, hata humu ukumbini wapo wanaoyaamini, na hatuwacheki. Lakini tuliyoelezwa, na tukayaona kwa macho, ni haya. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa kutibu maumivu ya saratani kwa ngazi: unaanza na dawa ndogo kama panado, unapanda, na maumivu makali kabisa yanahitaji mofini. Inanywewa kwa mdomo, na inanywewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kungoja mgonjwa alie kwanza. Dozi ya kulalia huweza kuongezwa ili asiamshwe usiku wa manane. Mgonjwa anayepewa kwa kipimo sahihi kwa ajili ya maumivu hageuki teja, na dawa haimharakishii kifo. Siku za mwanzo atasinzia, pengine atasikia kichefuchefu, na hayo hupita. Lisilopita ni kufunga choo, kwa hiyo anayekupa mofini bila kukupa dawa ya kulainisha choo hajui kazi yake, au anajua na hajali. Akisinzia mno hadi haamshiki, au pumzi ikawa ya taratibu sana, unapiga simu mara moja.

Wenzetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi. Mofini inatengenezwa huko huko kutokana na unga na maji, inatiwa rangi ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe, na serikali inaitoa bure. Mwaka 2004 sheria yao iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe, bila kungoja daktari. Mtu wa kijijini anafikiwa.

Sasa tuje kwenye vidole. Hili ndilo tunaloomba kila mwanachama aondoke nalo leo.

Upo umoja wa tiba shufaa wa Afrika nzima, ulioanzishwa mwaka 2004, makao yake Kampala. Umoja huo ulitengeneza maswali kumi ya kupima kama huduma inamfaa mgonjwa. Maswali saba anaulizwa mgonjwa mwenyewe, matatu anaulizwa anayemuuguza. Yanahusu siku tatu zilizopita tu, ili mtu asianze kusimulia toka mwaka juzi. Na majibu yanaweza kutolewa kwa mkono. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri, vidole vyote vitano ni tano. Hakuna haja ya kujua kusoma wala kuwa na nguvu ya kusema. Muuguzi wa fundi wetu aliyatumia, nasi tukamwomba atufundishe siku ya mkutano wa kikundi, akaja.

Mgonjwa anaulizwa: maumivu yako yamefika wapi? Dalili nyingine, kama kichefuchefu, kukohoa au choo, zinakusumbua kiasi gani? Una wasiwasi kiasi gani na ugonjwa wako? Hapo vidole vingi ni vibaya. Kisha yanageuka: umeweza kumweleza ndugu au rafiki unavyojisikia moyoni? Umeona maisha yana thamani? Umekuwa na amani? Familia yako imepata msaada na ushauri wa kutosha kupanga mambo ya mbele? Hapo vidole vingi ni vizuri. Na anayeuguza naye: umepewa maelezo ya kutosha? Unajiamini kumhudumia? Una wasiwasi kiasi gani?

Fundi wetu siku ya kwanza alinyoosha vidole vyote vitano kwa maumivu. Baada ya siku nne alinyoosha viwili. Baada ya wiki mbili kimoja. Binti yake, alipoulizwa kama anajiamini, alianza na ngumi iliyofumbwa, mwishoni akatoa vinne. Hiyo ndiyo ripoti, ndugu zetu. Bila karatasi ya rangi. Na tukijirudisha nyuma kwa muuza mihogo, ambaye hakuna aliyemwuliza kidole hata kimoja, tunajua angetoa tano usiku wa kwanza na tano usiku wa mwisho, na bili katikati.

Mwaone kwamba katika maswali kumi, la maumivu ni moja. Hatukulitegemea hilo. Tulidhani huduma ni dawa.

Tuchukue lile la kupanga mambo ya mbele, maana ndilo linalowagusa watu wa kuweka na kukopa. Mwezi wa pili wa kumtembelea, muuguzi alimwuliza fundi wetu kama kuna jambo lolote nyumbani linalomnyima usingizi. Akasema cherehani zake tatu na hisa zake. Aliogopa ndugu wa marehemu mumewe watakuja na canter. Muuguzi hakuwa mwanasheria, naye alisema hivyo. Alichofanya ni kumwuliza, “Nani unataka aitwe?” Tukaitwa viongozi wa kikundi, akaitwa mjumbe, akaitwa kaka yake mkubwa. Jina la binti likajazwa kwenye nafasi ya mrithi katika kitabu chake cha hisa, mbele ya watu. Wosia ukaandikwa na kusainiwa. Alhamisi ya wiki ile alituambia amelala mpaka jua linatoka. Cherehani zile binti anazitumia leo, naye ni mwanachama, yumo humu, hatutamsimamisha.

Tusije tukaeleweka kwamba timu ile ilikuwa ya malaika. Walikuja mara moja kwa wiki, na kuna wiki hawakufika kwa sababu ya mvua na barabara yetu mnaijua. Glavu tulinunua wenyewe. Pampasi za wakubwa tulinunua wenyewe, na bei yake ni kilio. Lakini haya walituambia siku ya kwanza: tunaweza hiki, hatuwezi hiki, usiku namba ya kupiga ni hii, isipopokewa piga hii ya pili. Usiku mmoja wa Machi ilipigwa saa tisa na ikapokewa. Muuguzi alieleza kwa simu nini cha kufanya, binti akafanya, mama akatulia. Tangu hapo binti yule alianza kulala, kwa kujua tu kwamba namba ipo.

Na siku za mwisho, mgonjwa alipokataa chakula, ndugu walitaka dripu. Dripu imetukaa kichwani sisi, tunaona asiyetundikiwa ametelekezwa. Muuguzi alikaa nao akawaeleza kwamba mwili unaofunga safari hauhitaji tena chakula kama zamani, kwamba kumlazimisha kunaweza kumletea kikohozi na kuvimba, na kwamba cha kumfanyia ni kumlowesha midomo kwa kitambaa, kumsafisha kinywa, kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulala, na kuzungumza naye hata kama amefumba macho, maana huenda anasikia. Imamu alikuwapo, akamwachia nafasi. Angetaka pesa, dripu tatu kwa siku zilikuwa halali yake, na familia ingelipa na kushukuru. Kwa hiyo mtu wa huduma anayeweza kukwambia “hili halihitajiki, msitoe pesa”, huyo mkamateni.

Arobaini ilipopita akaja tena. Mgonjwa hayupo, dawa hakuna ya kutoa. Alikuja kumtazama binti. Wale wengine, baada ya mazishi, walileta bili ya siku tatu za mwisho.

Basi mwanachama akitujia kusema amepata watu wa kumhudumia mgonjwa wake, kikundi kitauliza mambo yafuatayo, na tunasema wazi ili asije mtu akadhani anaonewa. Wauguzi wao wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga? Yupo daktari nyuma yao, na ni wa hospitali gani? Mofini wanaipata wapi kwa njia halali, maana asiyeweza kuipata kabisa anatibu nusu ya ugonjwa? Simu ya usiku nani anaishika? Wanaacha daftari nyumbani linaloandikwa kilichofanyika na dawa iliyotolewa, ili hata akija mtu mwingine ajue? Wanatoa risiti? Wanamfundisha anayeuguza, au wanafanya kila kitu wenyewe ili muwahitaji kila siku? Na kama wameahidi kuponya, hatutaendelea na mengine. Kisha wanachama wawili watakwenda nyumbani, kwa ruhusa ya mgonjwa, na kuuliza vidole. Watarudi baada ya siku saba kuuliza tena. Kama vidole vya maumivu havikushuka na hakuna aliyebadilisha dawa wala kueleza kwa nini, mfuko wetu hautalipa huduma ile hata shilingi.

Tuseme na hili kwa kuwa tumetaja shingo ya kizazi na wamama wenye mabinti wapo. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Na sisi watu wazima twende tukapimwe. Wenzetu wote watatu walifika hospitali wamechelewa.

Sasa pesa. Pendekezo la kamati ni kwamba mwanachama, au mume, mtoto au mzazi wake, akiwa mgonjwa wa kitandani nyumbani kwa ugonjwa ambao hospitali imesema hautapona, mfuko utoe 50,000/= kila mwezi kwa miezi isiyozidi minne. Pesa apewe anayeuguza, mkononi, kwa nauli, sabuni, glavu na pampasi. Mtoa huduma atalipwa na mfuko pale tu atakapokuwa amepita katika maswali. Na ili mfuko ubebe mzigo huo, mchango wa jamii wa kila wiki upande kutoka 1,000/= hadi 1,500/=, na rambirambi ishuke kutoka 300,000/= hadi 250,000/=.

Tunajua hapo kwenye rambirambi ndipo patakapowaka moto. Tumeshaanza kusikia, eti uongozi unataka kula pesa za maiti. Wazee wetu walitufundisha kusitiri maiti, na hatuna ugomvi na hilo. Maturubai yatabaki mawili na sufuria zitabaki zile zile. Lakini tumepiga hesabu pamoja na Mweka Hazina. Ile 50,000/= inayopungua kwenye rambirambi ndiyo bei ya soda na maji ya chupa siku ya mazishi. Kwa fundi wetu pesa hiyo ingekuwa nauli za binti kwenda kuchukua dawa hospitali miezi yote ile, nauli ambazo alizipata kwa kuuza simu yake. Hiyo simu ndiyo iliyokuwa na namba ya usiku. Ikabidi aazime ya jirani.

Wapo pia waliouliza, je, asiyekuwa na timu ya hospitali karibu afanyeje? Swali ni la haki, na Mgeni Rasmi tunaomba ulichukue. Zahanati yetu haina mtu aliyesomea kazi hii. Kikundi kiko tayari kumlipia nauli mwezi mzima muuguzi mmoja wa zahanati aende kujifunza kwa waliobobea, mradi Halmashauri imruhusu na mshahara wake usiguswe. Barua tumeiandika, nakala iko kwa Katibu, tutakukabidhi kabla hujaondoka.

Rasimu ya kifungu kipya imechapwa ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Kura itapigwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, hapa hapa, kwa siri, na ili kifungu kipite inatakiwa theluthi mbili ya wanachama. Wanaopinga wapewe nafasi ya kusema kwanza, hilo tumekubaliana. Njooni na vitabu vyenu vya hisa, na kila mmoja atazame ile nafasi ya mrithi kama imejazwa. Katibu amehesabu, kumi na tisa bado ziko wazi.

 Tunamkaribisha Mweka Hazina.